Tahvo Hakupaswa Kujua

Jumapili, 2 Novemba

Nimenunua daftari la karatasi kwa sababu siiamini tena kompyuta yangu. Kama kuna mtu anasoma ninayoyaandika mle, haya hatayasoma. Daftari linakaa ndani ya buti za zamani, kabatini.

Mimi na mume wangu Ilpo tunacheza Kivisalo, huu mwaka wa saba. Ni mchezo wa maandishi mtandaoni. Watu tisa, kila mmoja na mhusika wake, tunaandika kwa zamu maisha ya kijiji cha msituni katika mwaka wa njaa, zama za mababu wa babu zetu. Mimi ni Vappu, mganga wa mitishamba. Ilpo ni Tahvo, mwindaji asiyesema. Hakuhangaika sana kumbuni. Raila wa Joensuu, karani mstaafu wa mahakama, ndiye mwamuzi. Na zaidi ya Vappu nina kazi nyingine: natunza jedwali la nani anajua nini. Mhusika anajua alichokiona, alichokisikia na alichoambiwa, basi. Mchezaji anaweza kuwa amesoma kurasa zote, lakini mhusika wake anabaki gizani mpaka mtu amwambie. Bila hilo hakuna mchezo, kuna watu wazima wanaodanganyana tu.

Vipo pia vyumba vya siri. Humo wanasoma waliomo tu, na Raila. Jumatano, katika chumba cha siri, Vappu alimwambia mchungaji Eerik kwamba ana uvimbe chini ya kwapa la kushoto na mkono unakuwa mzito. Eerik ni wa Kaapo, kijana wa maktaba kule Vaasa. Hakuna mwingine aliyekuwemo.

Leo, katika uwanja wa mchezo unaosomwa na wote, Ilpo kaandika hivi: "Tahvo aliupanga mzigo wa kuni chini, usawa wa goti, ili Vappu asilazimike kuinua mkono wa kushoto."

Nimesoma mara tatu. Wa kushoto.

Nikafungua jedwali. Safu ya Vappu, mstari wa Tahvo: hajui.

Jumatano, 5 Novemba

Theluji ya kwanza ya kukaa. Ilpo ametoka saa kumi alfajiri na gari lake la kusukuma theluji.

Alhamisi, 6 Novemba

Supu ya njegere shuleni ninakopika, kama kila Alhamisi. Watoto mia mbili na kumi.

Niandike na hili, kwa kuwa daftari halina mdomo. Uvimbe si wa Vappu peke yake. Niliugusa mwanzoni mwa Oktoba nikioga. Sijamwambia mtu. Vappu alimwambia mchungaji, na nilipomaliza kuandika mstari ule nililia kama mjinga, kwa sababu angalau umetamkwa mahali.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemuuliza.

"Ilpo, Tahvo alijuaje kuhusu mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa Vappu. Wa kushoto."

Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate mweusi. Hakuinua uso. "Aliona anavyojishika."

"Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anajishika."

"Basi Tahvo ana macho mazuri."

Akala mkate wake wote, akafuta kisu, akatoka kuchomeka gari umeme ili injini isigande. Miaka ishirini na saba ya ndoa, na mazungumzo yetu marefu huwa ni ya namna hii.

Nimebadilisha nywila.

Jumamosi, 15 Novemba

Anasoma. Sina shaka tena.

Alhamisi, katika chumba cha siri, Vappu alimwambia Eerik kwamba halali, anahesabu mbao za dari mpaka kuku wanaamka. Leo Tahvo kapita mbele ya nyumba ya Vappu na maziwa ya moto, akasema: "Mtu asiyelala anahitaji kitu tumboni." Nani kamwambia halali? Nywila nimebadilisha Jumapili! Au anasimama nyuma ya mlango nikiandika? Nimegeuza meza. Sasa naandika nikiutazama mlango.

Kaapo kaniandikia pembeni: "Dada Helka, hizi kurasa za Vappu zinanitoa machozi. Unaandika kama mtu anayeumwa kweli." Nikamjibu asante.

Leo Jumamosi ya sita sijaingia sauna, bafu letu la mvuke, pamoja na Ilpo. Nimesema kichwa kinauma. Naingia nikiwa peke yangu, yeye akishatoka, taa nikiwa nimezima.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimekwenda kwa daktari wa kituo cha afya. Mikono yake ilikuwa baridi. Kasema nisubiri barua ya hospitali.

Jumatatu, 1 Desemba

Barua imekuja. Alhamisi ya tarehe kumi na moja, saa tatu, watachukua kinyama kwa sindano. Nimeiweka kwenye kidroo cha gari langu, chini ya vitambulisho. Ilpo haendeshi gari langu.

Jumatano, 10 Desemba

Nina hasira, daftari linisamehe mwandiko huu.

Jana Vappu alimwambia Eerik, kwa siri, kwamba Alhamisi ataenda mjini kwa mpasuaji. Leo, mbele ya kijiji kizima, Tahvo kasimama kisimani akatangaza: "Nimeivunja theluji kwa mbao za skii mpaka mjini. Alhamisi njia itakuwa wazi." Halafu akaondoka, kama kawaida yake.

Si Jumatano, si Ijumaa. Alhamisi!

Nilikuwa ghorofani, yeye alikuwa jikoni anaandika. Nilimsikia akibonyeza kitufe cha kutuma. Nikashuka.

"Nani kakwambia Alhamisi?"

"Siku ni siku tu."

"Ziko saba."

Akanitazama muda mrefu kuliko kawaida. Nikadhani sasa atakiri. Akasema, "Kesho itakuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Vaa vizuri ukienda kazini."

Ninachojiuliza ni hiki: kama anasoma vyumba vyangu, anatafuta nini? Nadhani ni Kaapo. Mke wa miaka hamsini na mbili anaandikiana kila siku na kijana wa maktaba, tena kwa siri. Mume yeyote angeingiwa na wasiwasi. Lakini angeniuliza! Ana mdomo!

Alhamisi, 11 Desemba

Sindano ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia. Uwanja wa magari wa hospitali ulikuwa umefagiliwa theluji mpaka lami inaonekana. Nilikaa garini nusu saa kabla ya kuweza kushika usukani.

Kazini nilisema nimekwenda kwa daktari wa meno. Nyumbani sikusema kitu, na sikuulizwa.

Ijumaa, 19 Desemba

Ni saratani.

Ndogo, alisema daktari, imewahiwa. Tarehe 22 Januari wataitoa; barua yake nimeificha garini pamoja na ile ya kwanza. Alirudia neno "ndogo" mara nne, nilihesabu. Kisha nikarudi shuleni, kwa kuwa ilikuwa siku ya uji wa Krismasi, mchele na maziwa, na lozi moja ndani ya kila sufuria kwa mtoto mwenye bahati. Nikapakua bakuli baada ya bakuli. Mtoto mmoja wa darasa la pili akapata lozi, akainua mkono kama aliyeshinda mbio.

Jioni Vappu alimwambia mchungaji. Tarehe sikuitaja, nilisema tu atapasuliwa mwezi ujao ukiwa unaisha.

Jumatano, 24 Desemba

Tumewasha mishumaa makaburini kwa wazazi wake na wangu. Ilpo alinishika kiwiko kwenye barafu, njia nzima. Sijui ni mapenzi au ni hatia.

Jumapili, 28 Desemba

Nimetega mtego.

Nimeandika uongo mara tatu katika chumba cha siri cha Vappu na Eerik. Wa kwanza: Vappu amefukia sarafu za fedha chini ya jiwe la jikoni. Wa pili: ndiye aliyemtilia sumu mbwa wa Tahvo miaka mitatu iliyopita. Wa tatu nimeuandika nikiona haya: mwezi Februari atatoroka kijiji pamoja na mchungaji. Kaapo alishtuka. "Dada! Hii imetoka wapi?" Nikamwambia anivumilie, ni kazi ya mtunza jedwali.

Sasa nangoja. Mwizi wa maandishi atajitoa mwenyewe. Kama si kwa fedha, basi kwa mbwa. Kama si kwa mbwa, kwa mchungaji.

Ijumaa, 2 Januari

Kimya. Tahvo anashona nyavu.

Jumapili, 4 Januari

Hajaigusa fedha. Hajamtaja mbwa. Eerik alipita mbele yake na Tahvo akamsalimu kwa adabu, hata akampa samaki.

Lakini sikiliza alichofanya leo. Kamwambia Vappu: "Ng'ombe wako nitamkamua mimi, kuanzia mwisho wa Januari, wiki tatu au zaidi. Usibishe." Mwisho wa Januari! Uongo kauacha, ukweli kaudaka. Mjanja. Ameunusa mtego, akaukwepa, kisha akashindwa kujizuia kwa lingine.

Nimeandika mashtaka rasmi kwa Raila. Matukio manne, na tarehe. Nimemshtaki mume wangu, nikiwa ghorofani, naye yuko chini anakaanga samaki.

Alinipandishia sahani.

Jumapili, 11 Januari

Kikao kilikuwa leo saa nane mchana, kwa sauti, mtandaoni. Ilpo alikaa jikoni, mimi chumbani juu. Kwa hiyo kila neno lake nililisikia mara mbili, kwanza likipenya sakafu, halafu kwenye vipokea sauti sikioni.

Raila alianza kwa sauti ile ya mahakamani. "Jamani, hapa hatumhukumu mtu, tunahukumu anachokijua mhusika. Ilpo, nitakusomea. Tarehe 29 Oktoba, chumba cha siri, Vappu anamwambia Eerik ana uvimbe chini ya kwapa la kushoto. Tarehe 2 Novemba, Tahvo anaonyesha kuujua ugonjwa huo..."

"Vappu anaumwa?" Ilpo alisema.

Kaapo akacheka, kicheko kibaya. "Kaka, usitufanye watoto. Umempangia kuni, umempelekea maziwa, leo unauliza kama anaumwa?"

"Sikujua Vappu anaumwa."

"Sasa mkono wa kushoto ulitoka wapi?"

Nilisikia kiti chake kikisogea kule chini.

"Ilpo," Raila akasema, "unasoma vyumba vya siri vya wenzako? Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana. Sijasoma chumba cha mtu."

"Alhamisi uliijuaje?"

"Naijua."

"Kwa njia gani?"

"Hiyo siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Si yangu kuisema, Raila."

Kaapo akafoka kwamba miaka saba imekwenda bure, kwamba hawezi tena kuandika neno la siri katika kijiji chenye mtu kama huyu. Mama mmoja wa Kuopio, anayecheza mke wa mwenye kinu, akasema afukuzwe kabisa. Raila akamuuliza Ilpo mara ya mwisho kama ana la kujitetea. Aseme tu alijuaje, mambo yaishe.

"Sina," akasema Ilpo. "Toeni adhabu."

"Tahvo amesimamishwa mpaka mwisho wa Aprili. Nasikitika."

"Sawa. Haki yenu."

Kisha mlango wa nje, na koleo likianza kukwangua ngazi. Theluji haikuwepo ngazini. Alikuwa ameisafisha asubuhi.

Mimi sikusema neno kikao kizima. Nilishinda kesi, lakini swali lile halinitoki. "Vappu anaumwa?" Namjua mume wangu. Hajui kuigiza. Tahvo mwenyewe ni yeye akiwa amevaa manyoya.

Jumanne, 13 Januari

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Leo nilirudi kutoka shuleni nikafungua jedwali ili niandike adhabu. Nikaamua kulipanga upya, siri zote za Vappu tangu Oktoba, upande mmoja alizozijua Tahvo, upande mwingine asizozijua. Alizozijua: mkono, kukosa usingizi, Alhamisi, mwisho wa Januari. Asizozijua: fedha, mbwa, kutoroka, na nyingine ndogo ndogo nilizokuwa nimezisahau, kama vile kwamba Vappu anaogopa maji na kwamba aliwahi kuzaa mtoto akafa. Haya yote yalikuwa chumba kimoja na yale. Baadhi ukurasa mmoja. Msomaji angewezaje kuchagua hivyo, asikosee hata mara moja?

Nikatazama upande wa kwanza tena. Yote manne yalikuwa kweli. Si kweli ya Kivisalo, kweli ya hapa. Upande wa pili wote ni mambo ya kubuni.

Hakuwa akimsoma Vappu. Alikuwa akinisoma mimi.

Nilishuka. Alikuwa amelala kwenye benchi la jikoni na soksi za sufi, redio inasema habari za barabara. Nikaizima.

"Unajua tangu lini?"

Hakuuliza nazungumzia nini. Alikaa. "Mkono, tangu Oktoba. Uliacha kutumia kabati la juu. Vikombe vyote ukavishusha."

Sikuwa nimegundua kwamba nimevishusha.

"Na sauna," akasema. "Nikafikiri umenichoka. Ningependa ingekuwa hivyo."

"Usingizi?"

"Helka, nalala pembeni yako."

"Alhamisi?"

"Kikwangulio changu cha barafu ya kioo kilikuwa kimevunjika. Nikaenda kutafuta chako, garini." Akajikuna kidevu. "Barua sikuifungua. Ilikuwa imefunguliwa. Nikasoma siku na saa na jina la idara, nikairudisha. Ya pili nilikwenda kuitafuta makusudi. Hilo ni kosa langu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeficha. Nikasema atasema mwenyewe akiwa tayari. Nikangoja. Siku zikapita." Akazivuta soksi zake juu. "Nikikaa mbele yako maneno hayatoki. Tahvo yanamtoka. Nikafikiri nitamtuma yeye kwa Vappu, wewe utaelewa. Nilidhani nambunia Vappu ule mkono wa kushoto. Sikujua umempa Vappu ugonjwa wako. Raila aliposoma, nilipigwa na butwaa."

"Ungewaambia! Ungesema 'mke wangu anaumwa', wasingekusimamisha!"

"Mbele ya watu tisa? Kabla hata wewe hujaniambia mimi?"

Nilikaa kwenye benchi. Nimekuwa na hasira na mtu huyu tangu Novemba. Nimegeuza meza, nimebadilisha nywila, nimeficha daftari ndani ya buti. Nikamwambia kila kitu kuanzia mwanzo, ingawa alikuwa anakijua. Alisikiliza kama anasikia mara ya kwanza. Nilipofika kwenye neno lenyewe, alifunika uso kwa mikono yake mikubwa.

Jumatano, 14 Januari

Nimewaandikia Raila na Kaapo ukweli wote. Kaapo kapiga simu, analia, anaomba msamaha, eti alinisifu kwa kuandika vizuri. Nikamwambia sifa bado naitaka.

Raila kajibu hivi: "Helka mpenzi, nimekaa na barua yako asubuhi nzima. Nakuombea. Mwambie Ilpo kwamba ni mtu wa heshima kuliko wengi niliowaona kizimbani. Lakini Tahvo hakuwa na njia ya kujua. Ilpo alijua. Adhabu inabaki mpaka mwisho wa Aprili."

Nilimsomea Ilpo kwa sauti. Akacheka mpaka akakohoa. "Ana haki," akasema. "Ana haki kabisa yule mama."

Alhamisi, 22 Januari

Wameitoa. Mkono umefungwa. Ilpo alikuwa hapa nilipoamka, na kofia yake ya kazi magotini.

Jumanne, 3 Februari

Haijasambaa. Kingo za nyama waliyokata ni safi. Kutakuwa na wiki tatu za mionzi kule Oulu.

Ijumaa, 13 Februari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Ilpo kapika. Ilikuwa na chumvi sana.

Jumanne, 10 Machi

Safari ya kwanza ya mionzi. Kilomita karibu mia na themanini kwenda, na kurudi vilevile. Ilpo kachukua likizo yote aliyokuwa amebakiza. Jua sasa linapanda juu ya misonobari, na barabara inang'aa mpaka macho yanatoka machozi.

Tulikwenda saa nzima bila neno. Nilianza mazoea yangu ya zamani, kumtazama kwa pembeni na kukisia. Ameshika usukani kwa nguvu, kwa hiyo ana hasira. Hapana, amechoka. Anajuta likizo. Nilikuwa nimefika mbali katika hadithi hiyo aliposafisha koo.

"Naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

Kilomita nyingine ikapita. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu.

"Unaogopa?"

Katika miaka ishirini na saba hajawahi kuniuliza swali kama hilo. Huwa anaangalia, anaelewa kiasi chake, anakwenda kupasua kuni.

"Ndiyo," nikasema. "Sana. Usiku zaidi. Na wewe?"

"Mimi hata mchana."

Nikacheka, naye akacheka, na mbele kulikuwa na kituo cha mafuta. Akaingia bila kuwasha taa ya kuashiria, kosa ambalo yeye huwatukania wengine, akazima injini. Tulikunywa kahawa na donati ndani ya gari, vioo vikapata ukungu. Akaniuliza la pili, na la tatu. Maswali alikuwa nayo mengi. Tulifika Oulu tumechelewa dakika kumi na tano, na nesi akatugombeza wote wawili.